"Wito" na "Upachikaji": Tatizo la Istilahi Moja ya Kompyuta

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi "wito", yaani tendo la programu kuiita fankisheni, haitoshelezi tunapoeleza prosesa za michoro. Kuita hudokeza safari ya kwenda na kurudi. Katika prosesa za NVIDIA, nyuzi 32 husafiri pamoja, mithili ya abiria wa matatu itokayo katikati ya Nairobi kwenda Kangemi. Wakishuka wote Westlands kununua kitu, kila mmoja hana budi kuweka mizigo yake na kukumbuka kiti chake. Gharama hiyo, ikizidishwa kwa maelfu ya nyuzi, ni kubwa. Kwa hiyo kompaila mara nyingi huufuta wito na kuunakili mwili wa fankisheni papo hapo. Ni kama mchuuzi kuleta bidhaa dirishani. Hasara yake ni programu kurefuka. Aidha, fankisheni ijiitayo yenyewe haiwezi kunakiliwa bila kikomo. Ndiyo maana CUDA ya 2007 haikuiruhusu hadi zilipotoka prosesa za Fermi mwaka 2010.

Basi twapendekeza istilahi mbili: "wito" kwa aandikacho mtu, na "upachikaji" kwa kitendwacho na kompaila. Tukizichanganya, mwanafunzi atatafuta safari isiyokuwapo.