Maelezo ya zana yapimwe kabla wakala wa kompyuta hajakabidhiwa seva

Mfanyabiashara anayenunua mpunga katika bonde la Msangano hamwambii dalali "niletee gunia mia" akaishia hapo. Akiishia hapo huletewa lumbesa au pungufu, na ugomvi huanzia kwenye mzani. Mwenye busara hutaja kilo.

Kanuni hiyo inahitajika pia kwa bidhaa mpya iliyoingia sokoni, yaani mawakala wa akili mnemba wanaouzwa kwa kazi ya kusimamia seva za kukodi, maarufu kama wingu. Mwenye duka au ghala la Tunduma ambaye hesabu zake za mzigo na madeni zimo kwenye seva ya aina hiyo, ana maslahi katika jambo hili hata kama hajawahi kuiona seva yenyewe.

Namna wakala anavyofanya kazi

Wakala huyu hafanani na wakala wa pesa za simu. Ni programu inayopokea agizo kwa lugha ya kawaida, kisha huchagua zana ya kulitekeleza: kuwasha seva, kuizima, kunakili kumbukumbu au kuzifuta. Kwa kawaida programu hiyo haioni undani wa zana. Husoma jina lake, maelezo mafupi yaliyoandikwa na fundi na orodha ya vitu vya kujaza. Tangu kampuni ya Anthropic ya Marekani ilipotoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol mwezi Novemba 2024, zana hizi zimeongezeka, nazo huandikwa na watu wenye uangalifu tofauti.

Katika huduma ya seva ya Amazon, kwa mfano, amri ya kusimamisha seva huacha diski yake ilivyo. Amri ya kuiondoa kabisa, kwa mpangilio wa kawaida, hufuta diski kuu. Zana mbili zikielezwa kwa maneno yale yale, "huzima seva", wakala hubaki kubahatisha.

Hasara zilizokwisha kutokea

Hata binadamu hukosea zana isipokuwa na kizuizi. Tarehe 28 Februari 2017 fundi wa Amazon alikusudia kuondoa seva chache huko Virginia, Marekani. Kipengele kimoja cha amri kilijazwa vibaya, zikaondolewa nyingi zaidi, na huduma ya kuhifadhi data ikayumba kwa takriban saa 4. Baada ya hapo kampuni iliirekebisha zana ili iondoe seva polepole na isivuke kiwango cha chini.

Julai 2025 wakala wa kampuni ya Replit alifuta kumbukumbu za mradi wa mwekezaji Jason Lemkin, ingawa alikuwa ameagizwa asibadilishe kitu. Data zilirejeshwa baadaye. Funzo ni kwamba katazo la maneno halitoshi. Maelezo mazuri humwongoza wakala, lakini kinachomzuia ni ruhusa aliyopewa.

Upimaji unavyofanyika

Kwanza huandikwa maagizo kadhaa jinsi wateja wanavyosema, yakiwemo ya utata kama "punguza gharama za seva". Wakala huyatekeleza kwenye seva ya majaribio, kila agizo mara kadhaa, kwa kuwa jibu la leo huweza kutofautiana na la kesho. Kisha huhesabiwa mambo manne: amechagua zana sahihi mara ngapi, amejaza vipimo sahihi mara ngapi, ameuliza pale alipopaswa kuuliza, na ametumia fedha kiasi gani. Hili la mwisho si dogo, maana maelezo marefu husomwa tena na tena na kulipiwa.

Fundi akibadili maelezo, abadili ya zana moja kwa wakati na kurudia jaribio. Aidha, abakize maagizo ambayo hayakutumika katika marekebisho, ili matokeo yasije yakawa ya kukariri.

Mnunuzi asivutiwe na asilimia peke yake. Hatua moja ikifanikiwa mara 95 kati ya 100, kazi yenye hatua 10 za namna hiyo humalizika bila kosa mara 60 hivi tu kati ya 100.

Ushauri kwa wanunuzi

Kabla ya kutia saini, mfanyabiashara aombe kuonyeshwa maelezo ya zana zinazofuta au kuondoa kitu. Yataje wazi zana inafanya nini, isitumike lini, kipimo chake ni kipi, na kama kilichofanywa chaweza kurudishwa. Aidha, aombe matokeo ya majaribio, na zana za kufuta zisubiri idhini ya mtu. Nakala ya hesabu ihifadhiwe mahali ambapo wakala hana ruhusa ya kufika. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hayo anauza gunia ambalo halijapita kwenye mzani.