Mwenye Kalibu Ndiye Mwenye Bei

Anayenunua vyombo vya kale vya kioo vya Kimarekani hutazama nakshi, umri na jina la kiwanda. Mimi nasema aanze kwa kuuliza kalibu iko wapi.

Biashara hii ilizaliwa na kalibu. Katika miaka ya 1820 Wamarekani walianza kudondosha kioo cha moto ndani ya kalibu ya chuma na kukigandamiza kwa mashine, chombo kikatoka na nakshi zake zote bila kuchongwa. Deming Jarves alifungua kiwanda Sandwich, Massachusetts, mwaka 1825, na bakuli za nakshi zikaanza kufika kwenye meza za watu wa kawaida. Mwaka 1864, huko Wheeling, William Leighton alipata mchanganyiko mzuri wa magadi na chokaa, usiohitaji madini ya risasi. Kioo hicho kilikuwa rahisi, chepesi, na kiliganda upesi. Viwanda vya magharibi, vilivyokuwa jirani na makaa ya mawe na gesi asilia, vikavibana vile vya New England. Kiwanda cha Sandwich kilifungwa 1888, na mwaka 1891 kampuni kadhaa zikaungana kuwa United States Glass.

Kuchonga kalibu ni gharama kubwa, lakini ikishachongwa hudumu kuliko kampuni yenyewe. Heisey ya Newark, Ohio, ilizima tanuri mwaka 1957. Mwaka uliofuata kampuni ya vioo ya Imperial ikanunua kalibu zake na kuendelea kutoa vyombo, vingine vikiwa na alama ileile ya H ndani ya almasi. Mnunuzi atatofautishaje? Wengi hugonga ukingo wasikie mlio. Kioo chenye risasi hulia kama kengele, ila cha magadi hakilii hivyo, na vyombo vingi vya baada ya 1864 ni vya magadi. Afadhali kutazama kitako: mikwaruzo ya matumizi ya miaka mingi huelekea kila upande na haikai mahali pamoja.



Imperial ilipofungwa mwaka 1984, chama cha wakusanyaji wa Heisey kilichanga fedha na kununua sehemu kubwa ya kalibu hizo. Hawakununua hata bilauri moja, lakini walilinda thamani ya kila bilauri iliyokwisha kuwa kabatini mwao. Katika biashara hii sijaona uwekezaji wa busara kuliko huo.