Wapenzi Wawili na Kijiji Kizima

Muuguzi Mel Monroe anaingia Virgin River usiku, mvua inanyesha na gari lake limekwama kwenye tope. Ametoka Los Angeles, ambako mumewe, daktari, aliuawa na jambazi dukani. Amekubali kazi ya uuguzi na ukunga katika kijiji cha milimani, kaskazini mwa California, kwa sababu aliahidiwa kijumba kizuri na utulivu. Kijumba anachokikuta ni kichafu na kimechakaa, na daktari mzee wa pale anamwambia waziwazi kwamba hakuomba msaidizi. Mel anaamua kurudi alikotoka. Asubuhi, barazani kwa daktari, anakutwa mtoto mchanga aliyetelekezwa. Mel anakubali kubaki siku chache amtunze, na siku hizo chache hazina mwisho.

Ndivyo inavyoanza riwaya ya Virgin River ya Mmarekani Robyn Carr, iliyotoka mwaka 2007 na kuzaa mfululizo mrefu wa vitabu, kisha tamthilia ya Netflix tangu mwaka 2019. Ni riwaya ya mapenzi. Jack Sheridan, mwanajeshi wa zamani mwenye baa ya pale kijijini, anampenda Mel na mwisho wanapatana. Lakini tazama mpangilio wa matukio. Kinachomzuia Mel asipande gari lake na kuondoka si Jack. Ni mtoto anayetaka maziwa. Kijiji kimemhitaji kabla mwanamume hajamtamkia neno la mapenzi.

Mpangilio huo ndio siri ya aina hii ya riwaya: riwaya za mapenzi zenye faraja, zinazotendeka katika mji mdogo, kisiwa au kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake. Wengi wanaozidharau hudhani wasomaji wanafuata busu na harusi. Mimi naamini wanafuata jibu la swali zito zaidi: nikifika mahali nikiwa mtupu, moyo umevunjika na sina wa kumtegemea, nani atanipokea? Mapenzi ya wawili ndiyo yanayoonekana kwenye jalada. Kupokelewa ndiko kunakomfanya msomaji aulizie kitabu kinachofuata.

Tuanze na lawama kongwe kuliko zote, kwamba mwisho wake unajulikana. Ni kweli, unajulikana. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kimeeleza utanzu huu kwa masharti mawili tu: kiini cha hadithi kiwe mapenzi, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Anayefungua kitabu cha aina hii ameshapewa ahadi. Mshangao umeondolewa kwa makusudi, na mahali pake pamebaki nafasi ya jambo jingine. Msomaji haulizi tena kama watu hawa watapona majeraha yao, anauliza watapona vipi, kwa mikono ya nani, na kwa gharama gani. Kwa kuwa hana hofu, anaweza kutazama vitu vidogo kwa utulivu.

Mtafiti Janice Radway alilichunguza jambo hili katika kitabu chake Reading the Romance cha mwaka 1984. Alizungumza na wanawake wasomaji wa mji mmoja wa Marekani alioupa jina la Smithton. Wengi walikuwa wake na akina mama, watu wa kuhudumia wengine tangu alfajiri hadi usiku. Walimweleza kwamba kule kukaa na kitabu kulikuwa muda wao wenyewe, ambao mume wala mtoto asingewaitia kitu. Ndani ya kitabu walimtafuta mwanamume anayejifunza upole, ili kwa saa moja au mbili nao wahisi wanatunzwa. Utafiti huo ulihusu riwaya za mapenzi kwa jumla. Katika zile za kijiji kidogo, naona hitaji hilohilo limepanuliwa: si mume peke yake anayemtunza shujaa wa kike, ni mpishi wa baa, jirani, mwenye duka na bibi anayejua kila kinachotokea.

Mhakiki mwingine wa Marekani, Pamela Regis, katika A Natural History of the Romance Novel cha mwaka 2003, alitaja mambo 8 ambayo riwaya ya mapenzi haiwi riwaya ya mapenzi bila kuwa nayo. Kukutana kwa wapenzi kumo, kikwazo kimo, kukiri mapenzi kumo, na uchumba. Lakini la kwanza analolitaja ni jamii: jamii yenye kasoro, ambayo wapenzi wataikabili na ambayo itabadilika kwa ajili yao. Wanaoandika vizuri kuhusu vijiji wanalijua hili. Kijiji hakisimami nyuma kama picha ya ukutani. Kinatenda.

Ukitaka kuona kinavyotenda, rudi kwa Jane Austen. Mwaka 1814, akimshauri mpwa wake aliyekuwa akiandika riwaya, alimwambia kwamba familia tatu au nne katika kijiji cha shamba zinamtosha kabisa mwandishi. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshachapisha Pride and Prejudice, na humo utaona jinsi umbea unavyofunga ndoa. Tetesi zinaenea kwa majirani kwamba Elizabeth ataolewa na Darcy, mambo ambayo wenyewe hawajayasema. Zinapita kwa jirani, zikaingia kwa mchungaji, hadi zikafika masikioni mwa shangazi wa Darcy, mama mwenye kiburi na mali. Mama huyo anafunga safari kwenda kumtaka Elizabeth aape kwamba hatakubali posa ya Darcy. Elizabeth anakataa. Shangazi anamrudia Darcy na malalamiko yake, na hapo ndipo Darcy anapojua kwamba bado ana tumaini. Bila majirani wenye midomo mirefu, watu wale wawili wangekaa kimya hadi uzeeni, kila mmoja na haya yake.

Mfano ninaoupenda kuliko wote ni Cranford ya Elizabeth Gaskell, iliyochapishwa kidogo kidogo kati ya mwaka 1851 na 1853 katika jarida la Charles Dickens. Mji wa Cranford umechorwa kutokana na Knutsford, mji mdogo wa Uingereza alikolelewa mwandishi. Bi Matty, mwanamke mzee asiyeolewa, anakwenda dukani kuchagua hariri ya gauni jipya. Pale kaunta anamkuta mkulima anayetaka kununua shali, lakini noti yake ya pauni 5 inakataliwa, kwa kuwa benki iliyoitoa inasemekana imo hatarini kufilisika. Bi Matty ana hisa katika benki hiyohiyo. Anafungua mkoba, anampa mkulima sarafu 5 za dhahabu na kuichukua ile noti. Hariri anaiacha dukani. Haoni haki mtu wa kawaida apate hasara kwa benki ambayo yeye ni mmoja wa wenyewe.

Benki inaanguka kweli, na akiba ya Bi Matty karibu yote inakwenda nayo. Sasa tazama mji unavyofanya kazi. Mabibi wa Cranford, ambao wenyewe wanaishi kwa kubana matumizi, wanakutana bila yeye kujua, na kila mmoja anaandika kwenye karatasi ya siri kiasi anachoweza kumchangia kila mwaka, ili mwenye kidogo asione aibu na anayesaidiwa asijihisi ombaomba. Bi Matty anapoanza kuuza majani ya chai, anakwenda kwanza kumuuliza mwenye duka kama biashara yake itamharibia. Mwenye duka anamjibu kwa kumpelekea wateja. Na mtumishi wake, Martha, anayekataa katakata kuondoka, anamharakisha mchumba wake, Jem, wafunge ndoa mara moja ili wapate nyumba ambayo Bi Matty ataishi nao kama mpangaji. Jem anaduwaa, lakini anakubali.

Ndoa ya Martha na Jem inachukua kurasa chache tu, lakini kwangu ina kila kitu ambacho utanzu huu unakitafuta. Vijana wanaoana kwa sababu wanapendana, na wanaoana leo badala ya mwakani kwa sababu bibi mmoja hana pa kukaa. Furaha yao imepata mlango wa kuingiza mtu wa tatu. Msomaji wa pwani, wa bara au wa mjini Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Sisi ni watu wa mchango. Tumechangia harusi, msiba, ada na matibabu, na tunajua kwamba nyumba mpya inapofunguliwa, haifunguliwi kwa watu wawili.

Waandishi wa sasa wameongeza mbinu ambayo Gaskell aliigusa tu: mfululizo. Debbie Macomber alianza hadithi za Cedar Cove mwaka 2001, mji alioubuni kwa kufuata Port Orchard, jimbo la Washington, anakoishi. Katika kitabu cha kwanza hakimu Olivia Lockhart anakataa kuvunja ndoa ya vijana wawili waliofiwa na mtoto wao mchanga, kwa kuona kwamba huzuni imewatenganisha kabla hawajapata nafasi ya kuomboleza pamoja. Katika Virgin River, kitabu cha pili kinampa nafasi mpishi wa baa ya Jack, mtu mkubwa mkimya anayeitwa Preacher. Usiku mmoja mlangoni kwake anatokea Paige, mwanamke mwenye majeraha ya kipigo cha mumewe, amempakata mtoto. Mel, aliyekuwa mgeni katika kitabu cha kwanza, sasa ni mwenyeji anayemtibu mgeni mwingine.

Hapo ndipo mfululizo unapofanya ambacho riwaya moja haiwezi. Hadithi ya mapenzi inayoishia harusini inatuacha tukijiuliza kilichofuata. Hadithi ya kijiji inatuonyesha. Wapenzi wa kitabu cha kwanza wanapita tena katika kitabu cha tano wakiwa na watoto, na ugomvi wao mdogo na mazoea yao, huku wengine wakishika zamu ya kupendana. Ndoa yao ina mashahidi, na mashahidi hao wanarudi mwaka hadi mwaka. Kwa msomaji aliyeona ndoa nyingi zikivunjika mlango umefungwa, hiyo ni faraja yenye uzito.

Kuna jambo jingine la kulitazama kwa karibu: riwaya hizi hupima mapenzi kwa kazi. Jack hamshindi Mel kwa maneno. Anakwenda kwenye kile kijumba kibovu, bila kuagizwa, anakikarabati hadi kinakalika. Katika kijiji hichohicho, wagonjwa wasio na fedha humlipa daktari kwa mazao na nyama. Huduma inatoka mkono huu na kurudi kupitia mkono mwingine, na mapenzi ya wawili yanaingia katika mzunguko huo kama sehemu yake. Ndiyo maana kurasa za kupika, kushona, kuzalisha na kupiga misumari hazichoshi. Ndizo kurasa za mapenzi zenyewe.

Lawama zipo, na nyingine ni za haki. Kijiji halisi kina zahanati isiyo na dawa, vijana wanaokimbilia mjini, na macho yanayomchunga msichana hadi akose pumzi. Riwaya yetu ya Kiswahili imelisema hili kwa ujasiri. Kurwa na Doto ya Muhammad Saleh Farsy, ya mwaka 1960, ilitumia hadithi ya mabinti pacha kueleza maisha ya kijiji cha Unguja na desturi zake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilikipeleka kisu hadi mfupani: kule Ukerewe, ukali wa baba anayemzuia binti asijue lolote kuhusu wavulana unamfikisha binti huyo kwenye kujiua. Riwaya hiyo tunaihitaji na tutaendelea kuihitaji.

Lakini kumwonyesha Rosa aliyeangamia kwa kukosa wa kumpokea ni sehemu moja ya ukweli. Kumwonyesha yule aliyepokelewa ni sehemu nyingine, na inataka ufundi uleule. Wahakiki wetu wamezoea kuitenga riwaya pendwa na riwaya dhati, kisha kuipa ya kwanza kisogo. Sikubaliani nao. Mwandishi anayeweza kunifanya niamini kwamba watu wa kawaida, wenye wivu na umbea wao, wanaweza kukaa kikao na kumnusuru mmoja wao bila kumdhalilisha, amefanya kazi ngumu kuliko anayenionyesha wakimtosa.

Kipimo ninachowapa wasomaji na waandishi chipukizi ni hiki. Ukimaliza riwaya ya aina hii, kiondoe kijiji kichwani uwaache wapenzi peke yao. Kama mapenzi yao yanasimama vilevile, kijiji kilikuwa pambo, na kitabu hicho utakisahau. Kama yanaanguka kwa sababu hakuna aliyeleta habari, aliyepika, aliyezuia gari lisiondoke, basi mwandishi ameifahamu kazi yake. Tuna mitaa ya uswahilini, visiwa vya wavuvi, vijiji vya karafuu na vikoba vya akina mama ambavyo vinaweza kuubeba mzigo huo. Vinangoja mwandishi anayeamini kwamba wema wa majirani ni mada kubwa, na anayeuandika kwa umakini uleule tunaoupa msiba.