Vinyoya: Wajapani wana la kukufunza kuhusu moyo na magoti yako

Na MWANDISHI WETU

UMEFUNGA duka lako mjini Kitale, au umetoka afisini Bungoma, saa kumi na moja jioni. Tangu asubuhi umekaa kitini. Umekunywa chai mara tatu, yenye sukari ya kutosha. Sasa unapanda bodaboda kwenda nyumbani, ambako utakaa tena mbele ya runinga hadi usingizi ukuchukue. Mwaka jana mshipi wako ulifungwa tundu la tatu. Siku hizi hata la kwanza linakubana.

Kama hayo ndiyo maisha yako, msomaji, basi makala haya yanakuhusu. Shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo hayabishi hodi. Huja polepole, na rafiki yao mkubwa ni kiti.

Huenda kukimbia barabarani hukupendi, na kandanda uliiacha ulipomaliza shule. Je, umewahi kufikiria mchezo wa vinyoya, yaani badminton? Ni miongoni mwa michezo ya shule zetu za sekondari, na huhitaji uwanja mkubwa. Uwanja kamili ni mita 13.4 kwa mita 6.1 tu. Ukumbi wa kanisa, bwalo la shule au hata uga wa nyumbani unatosha. Raketi mbili, wavu na kinyoya, kisha kazi ianze.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2016, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 80,000 nchini Uingereza na Scotland, uligundua kwamba waliocheza michezo ya raketi walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi hicho, kwa asilimia 47, kuliko wasioicheza. Hiyo si hakikisho kwamba raketi itakuongezea miaka, kwa sababu mara nyingi wanaocheza pia hula vizuri na hawavuti sigara. Hata hivyo, ni jambo la kutiliwa maanani.

Lakini mchezo huu unaweza pia kukuvunja. Ndiyo sababu leo tunawatazama Wajapani, watu ambao wameushinda ulimwengu kwa vinyoya bila kuwa majitu, na ambao miili yao inatufunza mazuri na mabaya.

UREFU SI HOJA

Wengi hudhani mchezo huu ni wa warefu. Nozomi Okuhara ana kimo cha sentimita 156 pekee. Hata hivyo, mwezi Agosti 2017 mjini Glasgow, alitwaa ubingwa wa dunia kwa kumshinda P. V. Sindhu wa India, mwanamke mrefu kuliko yeye kwa mbali, katika fainali iliyochukua dakika 110. Matokeo yalikuwa 21-19, 20-22, 22-20.

Alishindaje? Okuhara hategemei kombora. Hurudisha kila kinyoya, hukipeleka pembe ya nyuma, kisha hukidondosha karibu na wavu, halafu nyuma tena. Anakungoja uchoke. Silaha yake ni mapafu na subira.

Mwenzake Akane Yamaguchi ana kimo hicho hicho, lakini mtindo wake ni tofauti. Huruka, hujirusha sakafuni, na hubadilisha mwendo ghafla kutoka ulinzi hadi mashambulizi. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 2021, 2022 na 2025.

Funzo kwako ni kwamba mwili ulio nao unatosha kuanza. Ukiwa mnene au umepita miaka 40, cheza kama Okuhara na umwachie Yamaguchi kuruka kwake. Rudisha kinyoya, tembea hatua fupi fupi, vuta pumzi. Mchezo mrefu wa kasi ya wastani ndio unaoujenga moyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Jioni tatu za saa moja zinatosha kabisa.

MTU WA MKONO WA KUSHOTO

Kwa wanaume, jina kubwa ni Kento Momota. Alicheza kwa mkono wa kushoto, kwa utulivu wa ajabu. Hakuwa na kombora kali kuliko wote. Alichokuwa nacho ni usahihi. Kinyoya chake kilipita juu ya wavu kwa upana wa kidole na kuanguka pale pale mpinzani alipotoka. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 2018 na 2019, na mwaka huo wa 2019 alinyakua mataji 11.

Kisha, Januari 2020, saa chache baada ya kushinda mashindano nchini Malaysia, gari lililokuwa likimpeleka uwanja wa ndege lilipata ajali. Dereva alifariki. Momota aliumia, na baadaye ikagunduliwa kwamba mfupa ulio karibu na jicho lake la kulia ulikuwa umevunjika. Alikuwa akiona vitu viwili viwili. Alifanyiwa upasuaji na kurudi uwanjani, lakini hakurudi kuwa Momota wa awali. Mwaka wa 2024 alistaafu kutoka timu ya taifa.

Kisa hiki kinatukumbusha kwamba mchezo huu ni wa macho kwanza. Na macho yako yanaweza kuumizwa na mchezo wenyewe. Kinyoya ni kidogo kiasi cha kuingia katika tundu la jicho, tofauti na mpira wa kandanda ambao huzuiwa na mifupa ya uso. Katika jaribio lililofanywa Japani mwaka wa 2023, Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga kinyoya kwa mwendo wa kilomita 565 kwa saa. Rafiki yako wa pale Kanduyi hafikii hapo, lakini hata robo yake inaweza kukupofusha. Mkicheza wawili wawili, ukiwa mbele karibu na wavu, usigeuke nyuma kumtazama mwenzako anapopiga. Ukiweza, vaa miwani ya plastiki ngumu ya michezo. Usivae miwani ya kioo.

WAWILI KAMA MMOJA

Mjini Rio mwaka wa 2016, Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi waliipa Japani dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika vinyoya. Katika seti ya mwisho dhidi ya Wadenmaki, walikuwa nyuma 16-19. Walipata pointi tano mfululizo na kushinda 21-19. Takahashi alikaa nyuma akipiga kwa nguvu, Matsutomo akakaa mbele akinyakua kila kilichorudi. Mmoja akisogea, mwenzake alijaza pengo bila kuambiwa.

Yuta Watanabe na Arisa Higashino nao walipata shaba katika mchezo wa mseto wa mwanamume na mwanamke, Tokyo na tena Paris 2024. Watanabe si mrefu, lakini mikono yake ni mepesi kama ya mwizi wa sokoni. Higashino naye hupiga makombora kutoka nyuma, kazi ambayo timu nyingi humwachia mwanamume.

Kwa afya yako, kucheza wawili wawili ni njia nzuri ya kuanza. Unakimbia nusu ya uwanja tu, na siku ambayo uvivu umekushika kuna mwenzako anayekungoja. Mume na mke wanaweza kucheza pamoja. Mama, usikubali kuwekwa mbele ya wavu kila siku kama pambo. Mkumbushe baba habari za Higashino.

GOTI HALISAHAU

Sasa tuje kwenye hatari. Okuhara tuliyemsifu alifanyiwa upasuaji wa magoti kabla ya kufikisha miaka 20. Sayaka Hirota alikatika kano ya ndani ya goti la kulia wiki chache kabla ya Olimpiki za Tokyo zilizochezwa 2021. Aliingia uwanjani na goti limefungwa kifaa cha kulishikilia, akafika robo fainali pamoja na mwenzake Yuki Fukushima. Ulimwengu ulimpigia makofi. Wewe usimuige. Yeye alikuwa na madaktari kando ya uwanja, nawe una kazi ya kwenda Jumatatu.

Goti huumia unaponyoosha mguu mbele kwa hatua ndefu na kuurudisha kwa ghafla, au unapotua vibaya ukiwa umeruka. Hakikisha goti linaelekea upande ule ule wa vidole vya mguu. Usiliache liingie ndani. Tua kwa kisigino kwanza unapopiga hatua ndefu ya mbele, na piga hatua mbili fupi badala ya moja ndefu.

Kwa wanaume wa miaka 35 na kuendelea walioacha mazoezi zamani, adui mkubwa ni kano nene iliyo nyuma ya kisigino. Ikikatika, utasikia kama umepigwa teke kwa nyuma. Utageuka kumtafuta aliyekupiga, wala hutamwona mtu. Hapo usijaribu kutembea wala usimwite mkandaji. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Ili kuepuka hayo, pasha misuli moto dakika kumi kabla ya mchezo: tembea haraka, ruka kamba kidogo, inuka kwa ncha za vidole mara 20. Vaa raba zenye soli bapa isiyoteleza. Usicheze juu ya saruji yenye vumbi, wala juu ya nyasi zenye umande.

KITALE SI BUNGOMA

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Bungoma iko chini zaidi, takriban mita 1,400. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na kinyoya hukosa cha kukizuia. Kwa hiyo kinyoya kile kile kilichokuwa kikianguka ndani ya mstari Bungoma kitatoka nje Kitale.

Ndiyo sababu vinyoya huuzwa kwa namba za mwendo. Kwa vile vya manyoya, namba ndogo, kama 75, huenda polepole kuliko 77. Ukiwa Kitale chagua cha polepole. Ukitumia chepesi kupita kiasi utakuwa ukikimbizana nacho, na huko ndiko kuteguka kulikojificha.

Kukijaribu ni rahisi. Simama kwenye mstari wa nyuma, ukipige kwa nguvu zote kutoka chini kwenda juu, sambamba na mstari wa pembeni. Kikianguka kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili, kinafaa. Mkicheza nje, chezeni asubuhi kabla upepo haujaamka, na mtumie cha nailoni, kwani cha manyoya huharibika upesi.

KABLA HUJASHIKA RAKETI

Kama umepita miaka 40, au una shinikizo la damu, kisukari au mzazi aliyekufa kwa moyo, pimwa kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Anza na dakika 20, mara mbili kwa wiki, kisha uongeze polepole. Kunywa maji kabla, wakati wa mchezo na baada yake. Ukisikia kifua kinabana, maumivu yakienda begani au tayani, au kizunguzungu, acha hapo hapo na uombe msaada. Usiseme "nimalize seti hii."

Ukiteguka, pumzisha mguu, uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 20, ufunge bendeji na uuinue. Usikande wala usitie maji moto siku hiyo.

Na watoto wako? Momota, Watanabe na Higashino wote walipitia shule za mji mmoja mdogo, Tomioka, katika mkoa wa Fukushima. Mwaka wa 2011 mkasa wa kinu cha nyuklia uliwahamisha wakazi wa mji huo, na mazoezi yakaendelea mahali pengine. Ng'ambo ya Malaba, jirani yetu Edwin Ekiring wa Uganda alicheza Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012. Mtoto wa Kiminini au Chwele naye anaweza kufika huko, mradi apate wavu na mtu mzima wa kucheza naye.

Mtu mzima huyo anaweza kuwa wewe. Jumamosi hii, badala ya kukaa, tafuta raketi mbili. Moyo wako utakushukuru, na mshipi pia.