Nakivubo: Kwa nini kashfa hazimtikisi tena mwenye fremu siku ya kura inapokaribia

KAMPALA – Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaofika Nakivubo kutoka Goma, Juba, Bukoba au Nairobi hushangazwa na jambo moja kila msimu wa uchaguzi unapokaribia. Magazeti yamejaa kashfa, redio zinataja mabilioni yaliyopotea, lakini mwenye fremu anaendelea kufunga mizigo yake kana kwamba habari hizo ni za nchi nyingine. Ukimuuliza kura yake itaenda kwa nani, jibu unalolisikia mara nyingi ni kwamba wote ni walewale.

Ni rahisi kudhani mtu huyu hajali siasa. Historia ya eneo lenyewe inasema vingine. Wachuuzi wa hapa wamewahi kupigania soko lao mpaka wakashinda, kisha wakaulipia ushindi huo wakiwa walipa kodi. Makala haya yanaeleza ilivyokuwa, na kwa nini anayeleta lori hapa anapaswa kuijua habari hii.

Kwa asiyelijua eneo, Nakivubo ni bonde lililo upande wa chini wa katikati ya Kampala. Hapo pana uwanja wa mpira ulioanza mwaka 1926, soko la Mtakatifu Balikuddembe ambalo kila mtu huliita Owino, soko la Shauriyako, vituo vya mabasi na wauza nafaka wa Kisenyi. Kikuubo, mahali ambapo mnunuzi wa Kongo na muuzaji wa Kampala hupatana bei kwa Kiswahili, pako jirani tu. Katikati unapita mfereji wa Nakivubo unaobeba maji ya mvua na uchafu wa mji hadi Ziwa Viktoria. Kila hatua ya ardhi hapa ina thamani kubwa, na kila mwenye nguvu huitolea macho.

Masoko yaliyotolewa na kurudishwa

Katikati ya miaka ya 2000, kampuni za mfanyabiashara Hassan Basajjabalaba zilipewa na halmashauri ya jiji haki za kusimamia na kuendeleza masoko ya Owino, Nakasero na Shauriyako, pamoja na bustani ya Constitution Square. Wachuuzi walikataa. Waliona kwamba soko likijengwa upya na tajiri mmoja, kodi ya kibanda itapanda na wengi wao watabaki nje. Walilalamika, wakagoma, wakapeleka shauri lao hadi kwa Rais Yoweri Museveni, naye akasimama upande wao. Mikataba ikavunjwa. Owino ilisherehekea.

Lakini mkataba unapovunjwa, aliyeshika karatasi hudai fidia. Serikali ilikubali kuzilipa kampuni hizo shilingi bilioni 142. Mambo yaliyotendeka katika mwaka wa fedha wa uchaguzi ndiyo yaliyoleta kashfa: Benki Kuu ilitoa dhamana kwa benki za biashara ili fedha zipatikane kwanza, na hesabu iliyofika mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilikuwa bilioni 169, yaani zaidi ya dola milioni 60 kwa bei ya wakati huo. Wabunge walihoji ni nani aliyekadiria hasara hiyo na kwa vipimo gani. Februari 2012 mawaziri wawili, Syda Bbumba na Khiddu Makubuya, walijiuzulu. Wakati malipo hayo yanaidhinishwa, Bbumba alikuwa Waziri wa Fedha na Makubuya alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Msomaji atazame hesabu hii kwa jicho la mchuuzi. Soko alilokuwa nalo tangu mwanzo amerudishiwa, na hakuna tofali jipya lililoongezwa. Fedha zilizolipwa zimetoka hazina, na hazina hujazwa na ushuru wa Malaba, Busia, Katuna na Mutukula, na kodi ya leseni ya yeye mwenyewe. Mawaziri wamekwenda nyumbani. Kujiuzulu kwao hakukumrudishia shilingi moja, na uchaguzi wa Februari 2011 ulikuwa umeshapita mwaka mzima kabla kashfa haijakomaa. Angeitumiaje kura yake kuwaadhibu?

Uchaguzi unaolipwa baadaye

Uchaguzi huo wa 2011 una funzo lingine ambalo wafanyabiashara wa zamani hawajalisahau. Januari ya mwaka huo, wiki chache kabla ya kura, kila mbunge aliwekewa shilingi milioni 20 katika akaunti yake, kwa maelezo kwamba ni za kufuatilia miradi ya serikali. Bunge lilipitisha pia bajeti ya nyongeza iliyozidi bilioni 600. Baada ya kura, bei zikaanza kupanda. Kufikia Oktoba 2011 mfumuko wa bei ulikuwa umezidi asilimia 30. Ukame na bei ya mafuta duniani vilichangia, na wachumi wanabishana mpaka leo kuhusu sehemu ya kila kimoja. Huku chini, mtu aliyeona noti zikigawanywa Januari hakuhitaji mchumi.

Benki Kuu ilipambana kwa kupandisha riba yake, kutoka asilimia 13 mwezi Julai hadi 23 mwezi Novemba. Benki za biashara nazo zikapandisha za kwao. Aliyekuwa na mkopo wa milioni 20 kwa riba ya asilimia 27 alidaiwa milioni 5.4 kwa mwaka bila kugusa deni lenyewe. Shilingi ilikuwa imeanguka, kwa hiyo kontena la Dubai au Guangzhou nalo lilikuwa limepanda. Julai 2011 maduka ya Kampala yalifungwa kupinga kuporomoka kwa shilingi, na Januari 2012 yakafungwa tena kupinga riba.

Hapo ndipo ilipoanza tabia ambayo mgeni huiona kama kutojali. Mfanyabiashara aligundua kwamba anapopiga kura hasikiki, na anapofunga duka anaitwa mezani siku ileile.

Mtindo huo haukukoma. Julai 2018 serikali ilipoanza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya fedha kwa simu, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kodi ilishushwa hadi asilimia 0.5, ikabaki kwa kutoa fedha tu. Aprili 2024 maduka ya Kampala yalifungwa kwa sababu ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, ambao faini yake ya mamilioni ilikuwa inamaliza mtaji wa mwenye fremu mdogo. Wafanyabiashara walikutana na Rais, na faini zikasitishwa kwa muda. Kufuli imekuwa karatasi yao ya kura. Tofauti ni kwamba hii huhesabiwa papo hapo.

Ukitaka kujua kwa nini hata ushindi wa namna hiyo hauwaletei usingizi, angalia Park Yard.

Park Yard lilikuwa soko lililobanana kando ya uwanja wa Nakivubo, juu ya ardhi ya uwanja. Hapo paliuzwa viatu, mitumba, vyombo na vyakula, na wanunuzi wengi walikuwa wa kutoka nje. Mwaka 2015 uwanja ulikabidhiwa kwa kampuni ya Hamis Kiggundu ili uendelezwe. Februari 2016 uchaguzi ulipita kwa amani sokoni, hakuna aliyeguswa. Mwishoni mwa Februari 2017, mwaka mmoja na siku chache baada ya kura, matingatinga yalifika usiku. Kulipopambazuka vibanda havikuwepo. Wengi walipoteza bidhaa, na wengi zaidi walipoteza mahali ambapo wateja wao wangewatafuta. Aliyekuwa amewakopesha mali kutoka upande wa pili wa mpaka aliwatafuta wapi? Deni la sokoni huandikwa kwa namba ya kibanda, na kibanda kilikuwa kimegeuka vumbi.

Ujenzi ulichukua miaka saba. Uwanja ulifunguliwa tena 2024 ukiwa na jina jipya, Hamz Stadium, na ukiwa umezungukwa na maduka. Ni majengo mazuri, hilo lisemwe kwa haki. Aliyekuwa na kibanda cha mabati, hata hivyo, hawezi kulipa kilemba cha fremu ya aina hiyo. Mwaka huohuo aliovunjiwa, Oktoba 2017, wabunge waliwekewa shilingi milioni 29 kila mmoja ili wakawaulize wananchi maoni kuhusu kuondoa ukomo wa umri wa rais. Desemba ukomo ukaondolewa. Mtu aliyeyaona mambo hayo mawili katika mwaka mmoja, ukimwambia leo kwamba kuna kashfa mpya bungeni, atakuuliza kama mzigo wake umeshafika.

Mfereji kabla ya kura ya 2026

Mara hii jambo lilikuja kabla ya uchaguzi. Mwaka 2025 Rais aliunga mkono ombi la Kiggundu la kuuendeleza mfereji wa Nakivubo: kuufunika na kujenga juu yake. Kazi ilianza wakati mvua za mwisho wa mwaka zinakaribia. Mwishoni mwa Oktoba mvua kubwa ilinyesha na maji yakaingia madukani. Bidhaa za chini ya ardhi na za ghorofa ya kwanza zikaloa, na wenye maduka wakaunyoshea kidole ujenzi huo. Jiji, bunge na wanamazingira wakaanza kuulizana nani aliruhusu nini. Wiki kumi na moja baadaye nchi ikapiga kura.

Matokeo ya Januari 15, 2026 yanajulikana. Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 71.65, Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, akapewa 24.72 na akayakataa matokeo. Kwa makala haya namba yenye uzito ni nyingine: waliojitokeza walikuwa asilimia 52.5 ya waliojiandikisha. Mwaka 2006 walikuwa karibu 69, mwaka 2016 karibu 68. Hofu ya askari barabarani ni sababu mojawapo, na mashine za kutambua alama za vidole zilizogoma asubuhi ile ziliwarudisha wengine nyumbani. Lakini karibu nusu ya nchi kubaki nyumbani haielezeki kwa mashine peke yake.

Majirani wasicheke. Tanzania, Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa kashfa ya umeme ya Richmond, akakana kosa. Mwaka 2015 akasimama kuwania urais kwa tiketi ya CHADEMA, chama ambacho miaka minane nyuma kilikuwa kimemtaja hadharani katika orodha yake ya mafisadi. Waliokuwa wakimzomea wakamshangilia, na waliokuwa wakimtetea wakamzomea. Mpiga kura aliyeangalia hayo akisema wote ni walewale, utamjibu nini?

Maana yake kwa mwenye mzigo

Kwa anayefanya biashara na Nakivubo, mikutano ya kampeni na vichwa vya habari havitoshi kumwambia hali itakavyokuwa. Aangalie milango ya maduka. Maneno ya kufunga huanza kuzunguka siku kadhaa kabla, kwenye vikundi vya simu na kwa makuli wa Kikuubo, na dereva aliyepita Malaba bila kuuliza hujikuta na lori limejaa mbele ya mlango uliofungwa, huku siku za kurudisha kontena zikihesabiwa Mombasa. Piga simu kwa mpokeaji kabla ya kuvuka. Umuulize kuhusu mlango wake, siasa muachie.

Pili, kabla ya kulipa kilemba au kumkopesha mwenye kibanda kipya, uliza ardhi ni ya nani na mkataba wake unaisha lini. Swali hili lingewaokoa wengi wa Park Yard. Vilevile soma bima yako: nyingi za moto hazilipi hasara ya ghasia mpaka kifungu hicho kiongezwe na kulipiwa.

Tatu ni mawasiliano. Siku ya kura ya Februari 2016 mitandao ya kijamii na huduma za fedha kwa simu zilizimwa. Januari 2021 intaneti yote ilikatwa, na Januari 13, 2026 ikakatwa tena, siku mbili kabla ya kura. Anayepokea oda za Goma au Juba kwa WhatsApp alibaki na simu ya kupiga tu. Waliojiandaa walikubaliana bei na namba za akaunti mapema, wakaziandika kwenye daftari.

Kenya nayo inaelekea uchaguzi mkuu Agosti 2027, na barabara ya mzigo wa Nakivubo inapita huko. Baada ya kura ya Desemba 2007 reli iling'olewa Kibera, malori yalikwama bonde la ufa, na vituo vya mafuta Kampala vikakauka ndani ya siku chache. Wenye stoo Kisenyi wanaokumbuka Januari ile hujaza bidhaa miezi miwili kabla ya Wakenya kupiga kura, bila kujali nani anaongoza katika kura za maoni.