Doa la Chui Juu ya Ukucha: Utangulizi kwa Anayeanza

Ikiwa umekulia Buluo, au mtaa wowote wa Likasi, bila shaka umeshawasikia vijana wa verni, yaani rangi ya kucha, wakipita wakigonganisha vichupa vyao. Vifaa basi unavijua. Ninachotaka kukufundisha ni kuchora ngozi ya mnyama juu ya ukucha, na nina hamu kubwa ya kukuonyesha misingi ambayo wengi huiruka.

Tuanze na verni yenyewe. Ndani yake mna nitroselulosi, kitu kinachofanya utando mgumu, nayo imeyeyushwa katika vimiminika vinavyoruka hewani upesi. Verni hukauka vimiminika hivyo vikishaondoka. Ukiipaka nene, juu hukauka na chini hubaki mbichi, halafu brashi ya mchoro inachimba shimo. Paka tabaka mbili nyembamba, na usubiri kila moja ikauke. Wakati wa kiangazi fanya kazi ndani ya nyumba, maana vumbi likinasa kwenye rangi mbichi halitoki tena.

Sasa mnyama. Ninakushauri uanze na chui. Kichwa chake kimo katika nembo ya taifa la Kongo tangu 2006, na timu yetu ya soka inaitwa Léopards. Hata hivyo, ni wachache waliowahi kulichunguza doa lake. Si nukta. Ni duara lililokatika: vipande viwili au vitatu vyeusi vimezunguka kiini chenye rangi iliyokolea kuliko manyoya ya pembeni. Umbo hilo wataalamu huliita rozeti. Nukta nyeusi zilizojaa ni za duma, na ukizichora hizo, umechora duma.

Juu ya rangi ya mchanga iliyokauka, weka madoa ya kahawia kwa ncha ya njiti ya meno, yasiwe duara kamili wala yasilingane. Yakikauka, yazungushie vipande vyeusi, ukiacha mwanya. Mkono unatetemeka? Egemeza kiganja mezani na uendelee. Chui husamehe mkono wa mwanafunzi kwa kuwa hana doa linalofanana na jingine.

Hapa lipo jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alieleza jinsi kemikali mbili zinavyoweza kuchora ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia: moja huchochea, nyingine huzuia na kusambaa kwa kasi zaidi. Baadaye mwanahisabati mwingine, James Murray, alionyesha kwa hesabu kwamba sehemu ya mwili ikiwa nyembamba, madoa hukosa nafasi na kuungana kuwa pete. Ndiyo maana mnyama wa madoa aweza kuwa na mkia wa mistari, lakini wa mistari hapati mkia wa madoa. Kwako mchoraji, maana yake ni hii: upana wa ukucha ndio unaoamua. Kidole gumba kipe madoa makubwa, kidole cha mwisho madogo na machache, na mengine uyaache yakatwe na ukingo, maana ngozi haiishii pale ukucha unapoishia.

Ukishamzoea chui, nenda kwa pundamilia. Wa mwisho waliobaki Kongo wanaishi katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba, kaskazini mwa Likasi. Mstari wake ni mpana katikati, huchongoka mwishoni, na mara nyingine hugawanyika panda. Uvute kwa brashi nyembamba kutoka ukingoni kuelekea kati, ukiilegeza kadiri unavyokwenda. Mistari iliyonyooka na kulingana itakupa jezi ya mpira.

Okapi mwachie siku mkono wako utakapotulia. Mtazame vizuri: mwili wote ni kahawia iliyokolea, mistari myeupe iko mapajani na miguuni tu. Kwa hiyo kucha nne hupakwa kahawia tupu, na mmoja pekee ndio hupata mistari. Wanafunzi wengi hushindwa kujizuia wakaijaza mikono yote miwili. Wewe chora huo mmoja, uufunike kwa verni isiyo na rangi hadi kwenye ncha, kwa sababu ni nchani mchoro unapoanza kumenyuka.