Mama Mfanyabiashara, Faida Yako I Wapi?

Ukipita Kibokoni au Bondeni jioni, hukosi kumwona mama na karai lake la viazi, au meza ya kachiri na achari. Wateja hawampi nafasi ya kupumua. Hata hivyo, si ajabu mwezi ukiisha akaona mtaji umepungua. Ni nini kilichoula?

Mara nyingi kosa liko katika kupanga bei.

Kwanza, hesabu gharama zote. Usihesabu viazi peke yake. Kuna unga, mafuta, ndimu, makaa, karatasi za kufungia na ujira wa mkokoteni kutoka Marikiti. Jasho lako pia lina bei yake.

Pili, fahamu kwamba faida juu ya gharama si sawa na faida katika bei. Hapa ndipo wengi hupotea. Tuseme unauza leso, na kila jozi imekugharimu shilingi 400. Umeongeza robo, yaani asilimia 25, ukaiuza shilingi 500. Faida ni shilingi 100. Lakini 100 katika 500 ni asilimia 20 tu, wala si robo.

Utaona hatari yake Idi ikishapita na mali imebaki. Unaamua kupunguza bei kwa robo, ukidhani unasamehe faida tu na mtaji utarudi salama. La! Robo ya 500 ni 125. Utapokea shilingi 375, na kila jozi itakutoa shilingi 25 mfukoni.

Basi shika kanuni hii. Ukitaka robo ya bei iwe faida, ongeza thuluthi juu ya gharama: cha shilingi 300 kiuze 400. Ukitaka thuluthi, ongeza nusu. Ukitaka nusu, uza mara mbili ya gharama.

Bila shaka, jirani yako naye anauza, na mteja wa Mji wa Kale hanunui bila ya kuteta bei. Kwa hiyo, kabla ya kutandika meza, jiwekee bei ya mwisho ambayo hutashuka chini yake, hata ukibembelezwa vipi.

Na yote hayo yaandike. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.